Kulichimba neno la Kiingereza hadi mzizi: tuanze na "stage"

Muhula uliopita binti wa jirani yangu hapa Manyatta, Kisumu, alirudi kutoka shule na daftari lenye alama nyekundu ya kukosa. Waliambiwa watunge sentensi kwa neno "stage", naye akaandika kwamba mama yake hushukia steji ya Kondele kila jioni. Pembeni mwalimu alimwandikia kwamba neno hilo maana yake ni mahali pa kuigizia. Mtoto akanijia nikiosha vyombo, daftari mkononi. "Anti, kwani Kondele si stage?"

Tulilikalia swali hilo Jumapili tatu mfululizo, na kazi tuliyoifanya ndiyo ninayoieleza hapa, ili mzazi au mwalimu mwingine aweze kuifanya na neno lolote. Kila neno lina maswali matatu. Linamaanisha nini? Limetoka wapi? Herufi zake zikichanganywa zinatoa nini? Maswali haya hukaa jirani lakini hayalali kitanda kimoja. Anayeyachanganya ndiye huishia kusimulia asili za uongo.

Vifaa ni vichache: daftari, kalamu, kamusi ya Kiingereza yenye maelezo ya asili ya maneno, na vizibo vya soda. Kamusi ndogo za mfukoni nyingi hazielezi asili, kwa hiyo nenda maktaba ya umma. Kisumu ipo na Nakuru ipo. Kwenye simu, fungua etymonline, tovuti inayoeleza asili ya maneno ya Kiingereza. Vizibo omba dukani, uvioshe, kisha ubandike kipande cha karatasi juu ya kila kimoja na kuandika herufi kubwa kwa kalamu nzito. Andika A, E, I, O na U mara nne nne, na herufi zinazotumika sana kama S, T, N na R mara tatu tatu.

Hatua ya kwanza: hesabu maana kwa Kiswahili

Ukifungua kamusi kubwa utakuta neno "stage" limepewa maana kumi na zaidi, na mtoto atachoka kabla ya kufika ya nne. Njia iliyotufaa ni hii: kwa kila mfano wa sentensi, uliza Kiswahili chake ni kipi. Kila unapolazimika kubadilisha neno la Kiswahili, hapo umeingia maana nyingine.

Wanafunzi wa tamasha za drama wakipanda kuigiza, hilo ni jukwaa. Mtoto akiwa bado anatambaa, au ugonjwa ukiwa umefika mbali, hiyo ni hatua. Fundi wa maabara akiweka kioo chenye sampuli chini ya lenzi ya hadubini, kile kibao kinachobeba kioo nacho huitwa hivyo hivyo kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Biolojia wa sekondari anakijua. Wataalamu wa mito hulitumia neno hilohilo kwa kimo cha maji. Wakipima Nzoia inavyopanda kabla haijamwagika Budalang'i, namba wanayoisoma kwenye kipimo ndiyo "stage" ya mto. Na likitumika kama kitendo, kuandaa mchezo wa kuigiza au kuandaa maandamano, huwa ni kuandaa jambo lionekane hadharani.

Jukwaa, hatua, kibao, kimo, kuandaa. Tano tayari, na bado hatujapanda matatu.

Hatua ya pili: uliza barabarani kabla ya kufunga orodha

Kamusi huandikwa na watu waliokaa mahali fulani. Maana inayotumiwa na mamilioni ya Wakenya kila asubuhi haiwezi kuwa kosa eti kwa sababu kamusi ndogo ya shule haikuitaja. Chukua daftari, tembea, sikiliza watu wanalitumiaje neno lako, kisha uandike sentensi nzima uliyoisikia pamoja na mahali.

Sisi tulisimama Kondele dakika ishirini. Tukasikia steji ya Maseno, steji ya boda, steji ya tuktuk, na kondakta akimwambia abiria mwenye mzigo, "Mama, steji ni mbele, hapa askari hataki." Katika hali zote nne neno lilikuwa na maana moja: mahali panapojulikana ambapo gari husimama, watu wakapanda na wakashuka. Kiswahili chake ni kituo. Maana ya sita.

Kamusi kubwa ya Oxford yenyewe hukusanya Kiingereza cha kila pembe. Mwaka 2022 waliingiza kwa mkupuo maneno kadhaa ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, "sambaza" na "kitu kidogo" yakiwemo. Nilimweleza binti hilo na uso wake ukabadilika. Alikuwa ameamini kwamba Kiingereza kina wenyewe, nasi ni wageni ndani yake.

Hatua ya tatu: fuata njia ya neno kurudi nyuma

Hapa ndipo pa kukaa kitako.

Maelezo ya asili husomwa kutoka sasa kwenda zamani. "Stage" liliingia Kiingereza katika karne ya 13 kutoka Kifaransa cha kale, ambako waliandika "estage", kwa maana ya ghorofa au makazi. Wafaransa wa leo wanasema "étage", na bado ni ghorofa. Kifaransa kililipata kutoka Kilatini cha mitaani, umbo linaloandikwa *staticum, mahali pa kusimama. Mzizi ni kitenzi cha Kilatini "stare", kusimama.

Ukiona kinyota mbele ya neno, kama hicho nilichoweka, ujue wataalamu hawajalikuta limeandikwa popote. Wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa nalo. Mfundishe mtoto alama hiyo mapema, maana inamwonyesha kipi kilisomwa kwenye maandishi na kipi kilikadiriwa kwa hoja.

Sasa panga zile maana juu ya mzizi uone zinavyoshikana. Mahali pa kusimama pakawa sakafu ya juu, yaani ghorofa. Sakafu iliyoinuliwa ikawa jukwaa, na la kuigizia likiwa mojawapo tu. Ngazi moja baada ya nyingine ikawa hatua katika maisha au katika kazi. Safari ndefu nayo ina mahali pa kusimama: farasi wanachoka, abiria wananyoosha miguu, wengine wanalala. Umbali kati ya kituo na kituo ukaitwa kwa neno hilohilo, na kufikia katikati ya karne ya 17 Waingereza walikuwa na magari ya farasi yaliyobeba jina hilo, "stagecoach", kwa kuwa yalikwenda kituo kwa kituo yakibadilisha farasi. Mabasi yalipokuja yakarithi neno, na nauli Uingereza ikahesabiwa kwa vituo vilivyoitwa "fare stage". Matatu ya Kisumu kwenda Luanda ya Vihiga, yenye bei yake hadi Maseno na bei nyingine hadi mwisho, inafanya hesabu ileile.

Kwa hiyo sentensi ya binti ilisimama juu ya mzizi kabisa. Mahali pa kusimama ndipo neno lilipoanzia, na Kondele watu na magari husimama. Jukwaa la mwalimu na kituo cha mtoto ni ndugu wa tumbo moja. Nilimwandikia mwalimu barua fupi ya heshima nikimwonyesha njia hiyo, bila kumlaumu.

Hatua ya nne: tafuta ndugu waliohamia Kiswahili

Mzizi ukishaupata, angalia nani mwingine amezaliwa nao. Hatua hii wengi huiruka, nami naipenda kuliko zote.

Kisumu ina stesheni. Reli ilifika ukingo wa ziwa Desemba 1901, mahali walipopaita wakati ule Port Florence, na neno "station" likabaki nasi kama stesheni ya gari la moshi, likahamia pia stesheni ya polisi na ya petroli. Nalo limetoka Kilatini "statio", kutoka "stare" ileile. Ukivuka mpaka, Watanzania hupandia basi stendi. Hilo limetokana na "stand", na "stand" ni la Kiingereza chenyewe cha kale, halikupitia Ufaransa wala Roma. Lakini Kiingereza na Kilatini vina babu mmoja wa mbali, na kwa babu huyo mzizi wa kusimama ulikuwa na sauti hizo hizo za S na T. Steji, stendi, stesheni: maneno matatu yaliyotufikia kwa njia tatu, na yote yanasema simama. Hata lile "stan" la Pakistan na Afghanistan, ambalo kwa Kiajemi ni mahali au nchi, ni la ukoo huo.

Kiswahili nacho kilipohitaji neno lake hakikuchagua kusimama. Kilichagua kutua. Kituo ni pale unapotua mzigo kichwani. Mzungu aliona farasi wakisimama, Mswahili akamwona mchukuzi akiteremsha mzigo chini.

Neno likihamia lugha nyingine hubadili maisha yake, kwa hiyo usilitarajie lirudi kama lilivyotoka. Boda ya leo ni pikipiki, ila husimuliwa kwamba ilianzia Busia, watu walipobebwa kwa baiskeli kuvuka ule umbali kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, kutoka boda hadi boda. "Border" ya Kiingereza, yaani mpaka, ikawa chombo cha kuuvukia. Stima nayo ilianza kama meli ya mvuke, na leo ukiwaambia watoto stima, yaani umeme, imepotea wanatafuta mshumaa.

Hatua ya tano: kamata asili za uongo

Bila shaka umesikia kwamba "news" imetokana na herufi za kwanza za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza. Mimi nilifundishwa hivyo darasani nikaiamini miaka mingi, na hata kuisimulia. Si kweli. "News" ni wingi wa "new", mambo mapya, kama Wafaransa wanavyosema "nouvelles". Asili nyingi za namna hii, ambapo kila herufi inadaiwa kusimamia neno zima, hubuniwa baadaye na mtu aliyeangalia herufi badala ya kuangalia historia. Ukiambiwa neno la zamani ni ufupisho, shuku kwanza.

Mtego mwingine ni neno ndani ya neno. "Stage" limejificha ndani ya "postage", gharama ya kutuma barua. Usikimbilie kusema ni ndugu. Kata neno pale lilipoungwa: "post" pamoja na "-age". S na T ni mali ya "post", ambayo imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuweka, kwa vile wapanda farasi wa barua waliwekwa njiani kwa zamu. Mkia "-age" ndio wenye undugu wa kweli, maana unatokana na "-aticum" ya Kilatini iliyolainishwa na Wafaransa, na ndio uliomo pia katika "village" na "voyage". Katika "voyage" mzizi ni njia, na Kilatini "viaticum" ilikuwa masurufu ya safari. "Stag", paa dume, ni herufi nne za kwanza za neno letu na hana uhusiano wowote nalo.

Kisumu yenyewe nimeitumia kuwafundisha watoto jambo hili. Herufi nne za kwanza ni kisu. Nne za mwisho ni sumu. Je, mji wetu ni wa kisu na sumu? Wanacheka, halafu nawaeleza asili inayosimuliwa na wenyeji wa Kijaluo: mahali pa kubadilishana chakula, pa kwenda kutafuta nafaka wakati wa uhaba. Kisu na sumu zimeonekana kwa bahati ya herufi tu.

Hatua ya sita: changanya herufi

Sasa weka historia pembeni, utoe vizibo. Weka S, T, A, G, E mezani kwa mduara, usivipange kwa mstari, kwa sababu mstari hulilazimisha jicho lisome neno ambalo tayari unalijua.

Herufi tano zisizorudiwa zinaweza kupangwa kwa njia 120: tano mara nne mara tatu mara mbili. Ukijaribu zote utachoka. Tenga irabu A na E upande mmoja. Kisha angalia viambishi vya mwisho. S ikiwepo, ipeleke mwisho ujaribu wingi kwa herufi nne zilizobaki. Hapo hapo "gate" inakuwa "gates", na hilo ndilo jibu maarufu. Yapo mengine mawili ya kwenye kamusi za wachezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa herufi: "getas", yaani viatu vya mbao vya Kijapani, na "geats", matundu ya kumiminia chuma kilichoyeyushwa ndani ya kalibu. Katika mpangilio 120, mimi nimepata maneno manne ukilihesabu na "stage" lenyewe.

Kisha ongeza kizibo kimoja. Ukiweka N unapata "agents", mawakala, na steji isiyokuwa na wakala wa pesa za simu sijaiona. Ukiweka R unapata "greats" na "grates". Punguza kimoja upate "gate", "seat", "east", "tags", "sage". Andika yote.

Ufunguo wa kazi hii, unaotumiwa na wachezaji hodari, ni kuzipanga herufi za kila neno kwa mfuatano wa alfabeti. "Stage" ni AEGST. "Gates" ni AEGST. Maneno yenye ufunguo mmoja yanatokana na herufi zilezile, hakuna haja ya kubahatisha. Tenga kurasa za nyuma za daftari kwa funguo, na kila neno jipya liingie chini ya ufunguo wake. Baada ya wiki chache daftari litakuwa linakuonyesha wenzi ambao hukuwatafuta.

Usiishie kwenye Kiingereza. Vizibo hivyo vitano vina Kiswahili ndani: tega, sega, tesa, seta, gae. Mtoto anayechoka na Kiingereza huamka hapo.

Na maneno yetu yenyewe ni matamu kuchezea kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia irabu, ukigeuza silabi mbili mara nyingi unatua kwenye neno lingine. AILM inatoa lima, mali, mila na lami. Li-ma ukiigeuza ni ma-li, mi-la ukiigeuza ni la-mi. ABDO ina boda na bado, na watoto wa ploti yetu sasa pikipiki ikichelewa huiita bado. Tua, mzizi wa kituo, ina uta. Na kwa sisi wa ziwani, AAIKMS: samaki, makasi, kamasi. Siku tuliyoipata hiyo mvulana mdogo wa nyumba ya tatu hakuweza kumaliza ugali wake kwa kicheko.

Hatua ya mwisho: ukurasa mmoja kwa neno moja

Kila neno lipewe ukurasa wake. Juu, maana pamoja na Kiswahili cha kila moja na sentensi iliyosikika, ikiandikwa ilisikika wapi. Katikati, njia ya asili, kutoka lugha hadi lugha, na kinyota pale panapostahili. Chini, chini ya mstari uliopigwa kwa rula, ufunguo na maneno yaliyotokana na herufi. Mstari wa rula ni lazima. Unamkumbusha mtoto kwamba kilicho chini yake ni mchezo wa herufi, na undugu wa juu hauteremki hapo.

Neno la pili binti alilichagua mwenyewe: "post". Ufunguo wake ni OPST, na alipata sita ndani ya muda wa chai kuchemka: post, stop, spot, pots, tops, opts. Akaniambia kwa uhakika kwamba "stop" lazima ni ndugu wa "stage", kwa kuwa linaanza kwa S na T na maana yake ni kusimama. Nikamwambia aitafute. Akarudi ameinamisha kichwa, kidole kwenye ukurasa. "Stop" ilianza kama kuziba. Kamusi inalifikisha kwenye neno la Kilatini la nyuzi za kitani zilizotumika kuzibia matundu na nyufa. Kinachozibwa hakipiti, na kisichopita kimesimama.

Jumamosi iliyofuata tulishuka hadi Dunga, ukingoni mwa ziwa. Fundi alikuwa ameupindua mtumbwi mchangani, akisindilia pamba kwenye ufa kwa patasi butu na nyundo. Kazi hiyo watu wa pwani huiita kutia kalafati. Binti alisimama akimtazama muda mrefu, kisha akafungua daftari kwenye ukurasa wa "stop", na juu ya mstari wa rula akaandika: kuziba, nimeona Dunga.